Sindano Ndogo na Khofu Kubwa

 

Ndugu wasomaji, mama zetu, dada zetu na vijana wetu: katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malezi, ndoa na adabu za nyumbani. Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo katika nyumba zetu husemwa kwa kunong'ona, na mara nyingi halisemwi kabisa. Nalo ni uvimbe katika ziwa la mwanamke, na ile sindano ambayo waganga wa hospitali huitumia kupata kujua uvimbe ule ni kitu gani. Hatuandiki kama matabibu, kwani elimu yetu ni ya chuo cha Kurani na ya shule ya msingi. Twaandika kwa kuwa tumewauliza wenye elimu wakatufahamisha, na kwa kuwa sisi wenyewe tulikosea, na kosa letu halikutudhuru sisi, lilimdhuru mwengine.

Ilikuwa msimu wa baridi hapa Kihesa, mjini Iringa, wakati ule ambao upepo wa asubuhi huwafanya watoto waje chuoni wamejikunyata. Mama wa mwanafunzi wetu mmoja alifika baada ya darasa kutawanyika, akatoa chupa tupu chini ya kitenge chake. "Maalim," alisema, "naomba uniandikie kombe. Nina kitu hapa." Hakutaja ni wapi, lakini tulifahamu kwa namna alivyouweka mkono. Tukamuuliza kama kinauma. Akajibu, "Hakiumi, Maalim. Ni kama punje ya njugu tu." Tukamshukuru Mungu, kana kwamba kutouma ni dalili ya kheri. Tukaandika kombe, tukamwombea dua, tukamwambia aende kwa amani. Neno la hospitali halikutoka kinywani mwetu.

Alirudi baada ya miezi. Safari hii alikwisha kwenda hospitali, akaambiwa kwamba lazima achomwe sindano katika uvimbe ule ili ujulikane. Lakini jirani zake walikuwa wamemwonya: chuma kikigusa uvimbe, saratani huamka na kutawanyika mwili mzima. Akatuuliza sisi, kwa sababu alituamini: "Maalim, nichomwe au nisichomwe?" Nasi, kwa kutokujua, tukamjibu kama mtu anayejua. Tukamwambia asubiri kwanza, tuzidi kuomba. Akasubiri. Alipokuja kuchomwa, ugonjwa ulikuwa umefika kwapani, na ngozi ya ziwa imekuwa kama ganda la chungwa. Alipelekwa Dar es Salaam akatibiwa, akarudi, na kabla ya mwaka kutimia Mwenyezi Mungu alimchukua. Mwanawe bado anasoma kwetu. Mumewe ametupa ruhusa tulisimulie jambo hili, kwa sharti tusitaje jina. Mungu amrehemu na atusamehe.

Sasa tutazame khofu ile ilitoka wapi. Watu husema, "Fulani alichomwa sindano, na baada ya muda akafa." Walakin huyo fulani alichomwa lini? Alichomwa baada ya kuuficha uvimbe mwaka mzima au zaidi. Taarifa iliyotolewa mwaka 2017 juu ya huduma za ugonjwa huu katika Tanzania ilieleza kuwa kiasi cha wanawake 8 katika kila 10 hugunduliwa ugonjwa ukiwa katika daraja la tatu au la nne, yaani umekwisha kuenea. Basi sindano huwakuta wakiwa katika hali hiyo, kisha hulaumiwa yenyewe. Mfano wake ni mtu aliyemwona fundi akiingia katika nyumba yenye nyufa ili aitazame, na usiku ule nyumba ikaanguka. Naye akatangaza mtaani kwamba fundi ndiye aliyeiangusha. Wenye elimu wanasema kwamba ni nadra mno sindano hii kuacha chembe za ugonjwa katika njia iliyopita, na haikuthibiti kwamba jambo hilo hufupisha uhai wa mgonjwa. Linalofupisha uhai ni kukawia.

Baada ya msiba ule, mdogo wake marehemu naye alipapasa uvimbe katika ziwa lake. Huyu hakuja na chupa. Alikuja nyumbani akasema, "Maalim, naenda kupimwa. Namwomba Mama anisindikize." Mke wetu akajitanda ushungi, wakaenda pamoja. Tutakayoyaeleza hapa ndiyo aliyoyaona yeye, na mengine tumeyauliza kwa waganga.

Kwanza mganga alimhoji: uvimbe ameuona lini, umekua au haukukua, katika ukoo yuko aliyeugua. Halafu akayapapasa maziwa yote mawili na makwapa. Kisha akapelekwa kwenye picha ya mawimbi ya sauti, kile chombo ambacho wanawake wengi wanakijua kwa kutazamiwa mimba. Kwa wenye umri mkubwa zaidi hutumika pia picha ya eksirei ya ziwa, mahali ilipo. Mwisho ndipo ikaja sindano. Mambo haya matatu, yaani mkono, picha na sindano, waganga huyaweka pamoja kama mashahidi, wala hawaridhiki na shahidi mmoja akiwapinga wenzake.

Sindano yenyewe ni nyembamba. Haizidi unene wa ile inayochukulia damu. Mganga aliisafisha ngozi kwa spiriti, akaubana uvimbe baina ya vidole viwili usiteleze, akaingiza sindano, akaisogeza mbele na nyuma mara chache huku akivuta kwa bomba lake. Hakikutoka chochote cha kutisha, ila tone dogo lisilojaza hata ncha ya kijiko. Tone lile likapakwa juu ya kipande cha kioo. Alirudia mara nyingine ili apate chembe za kutosha. Kisha akamkandamizia pamba dakika kadhaa ili damu isivilie chini ya ngozi, akambandika plasta. Kazi nzima haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Mke wetu alimuuliza kama imemuuma, akajibu kwamba imemuuma kama sindano nyengine yoyote, na kwamba usiku ule wa kuamkia kupimwa ndio uliokuwa na maumivu zaidi.

Uvimbe mwengine ni maji matupu. Huo sindano ikiingia huyatoa maji, na hapo hapo uvimbe hunywea. Mwengine ni usaha, khasa kwa mama anayenyonyesha. Na mwengine ni tezi ngumu inayoteleza chini ya vidole, ambayo huwapata sana wasichana, nayo si saratani. Vijana wetu wa kike walifahamu hili: uvimbe mwingi wa maziwa si saratani. Lakini hapana mkono wala jicho linaloweza kuapa juu ya uvimbe huu au ule bila ya kupimwa.

Je, katika tone lile huonekana nini? Miili yetu imejengwa kwa chembe hai ndogo mno, ambazo wengine huziita seli. Mtaalamu hukitia kioo rangi, akakitazama kwa hadubini. Chembe za ziwa lililo salama hukaa pamoja kwa utaratibu, zimelingana, mfano wa watu waliosimama safu katika sala, bega kwa bega. Chembe za saratani huwa kubwa, hazilingani, viini vyake vimenenepa na vimekolea rangi, na zimeachana kila moja upande wake, mfano wa watu wanaogombania basi stendi. Mwenye kuizoea kazi hii huzitambua kama sisi tunavyotambua harufi iliyokosewa katika ubao wa mtoto.

Majibu yake hupangwa katika mafungu matano. La kwanza, chembe hazikutosha. Basi hurudiwa, wala si jibu la kusema mtu ni mzima. La pili, uvimbe si wa saratani. La tatu, kuna mabadiliko kidogo, ila kwa ghalibu si saratani. La nne, kuna shaka kubwa. La tano, ni saratani. Hatutaki kuwadanganya wasomaji wetu kwamba sindano hii haikosei. Huweza kupita kando ya ugonjwa usiuguse. Kwa hiyo jibu likija jema na huku mkono au picha inasema kinyume, mganga atairudia, au atatumia sindano nene inayotoa kijipande cha nyama chenyewe, baada ya kupiga ganzi. Ndiyo ile ambayo watu huita kuchukuliwa kinyama. Kinyama hicho husema mambo ambayo tone pekee aghalabu halitoshi kuyasema: kama saratani imejipenyeza katika nyama jirani, na kama inalishwa na homoni za mwili. Ikiwa inalishwa na homoni, ziko dawa za vidonge ambazo mgonjwa humeza kwa miaka, na zina msaada mkubwa.

Elimu hii si ya jana. Waganga wa New York, Martin na Ellis, waliandika mwaka 1930 juu ya kuvuta chembe kwa sindano, na baadaye waganga wa Sweden wakaiendeleza mpaka ikaenea ulimwenguni. Kabla yake, mwanamke mwenye uvimbe aliweza kulazwa juu ya meza ya kupasuliwa bila kujua kama ataamka na ziwa lake au bila yake, kwa kuwa ukweli ulikuwa ukitafutwa pale pale kwa kisu. Sindano imemrudishia haki ya kujua kwanza, akashauriana na watu wake, ndipo akatibiwa.

Nasi Waislamu tusidhani kwamba haya ni mambo ya kigeni kwetu. Jina lenyewe, saratani, ni la Kiarabu, na maana yake ni kaa wa baharini. Tabibu mkubwa wa Andalusia, Abul-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11 ya Miladia, aliandika kitabu kikubwa cha tiba kiitwacho al-Tasrif, akachora ndani yake vyombo vya upasuaji. Katika habari za saratani alieleza kwamba ikiwa ndogo na ya mwanzo, mahali panapowezekana kuondolewa yote kama katika ziwa, huondolewa. Ama ikiwa kubwa na ya siku nyingi, yeye hakupata kumponya yeyote. Leo kuna mionzi na dawa ambazo yeye hakuwa nazo, hata waliochelewa hutibiwa na hupata nafuu. Lakini asili ya nasaha yake, kwamba mapema ni bora, imebaki vile vile kwa miaka elfu. Katika nchi tajiri, ambako wengi huwahi, zaidi ya wanawake 9 katika 10 huishi miaka 5 na zaidi baada ya kugunduliwa. Ulimwenguni kote, mwaka 2022, waligunduliwa wanawake kiasi cha milioni 2.3, na waliofariki ni kiasi cha 670,000. Wanaume nao hupatwa, ijapokuwa hawafiki 1 au ni kama 1 katika kila wagonjwa 100.

Yako masuali ambayo tumeulizwa tangu tulipoanza kulisema jambo hili chuoni, nayo twayajibu hapa.

Suali: Je, kwenda kuchomwa si kupungukiwa na tawakali, ilhali Mungu ndiye mponyaji?
Jibu: Mtume (S.A.W.) alituamrisha tujitibu, akatufahamisha kwamba kila ugonjwa umeteremshiwa dawa yake. Na Sayyidna Umar alipofika mpakani mwa Sham akaambiwa kuna tauni, alirudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akamfahamisha kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Ugonjwa ni kadari, na sindano ni kadari.

Suali: Mganga akiwa mwanamume itakuwaje?
Jibu: Akipatikana mganga mwanamke, huyo ndiye atangulizwe. Asipopatikana, dharura humruhusu mwanamume, kwa kadiri ya haja tu: hufunuliwa mahali panapotazamwa, na awepo mume, au maharimu, au mwanamke mwengine. Ama kukaa na ugonjwa mpaka ukaua kwa kisingizio cha sitara, hiyo si sitara iliyoamrishwa. Na katika zama za Mtume (S.A.W.) Rufayda al-Aslamiya aliwatibu majeruhi wanaume katika hema lililopigwa msikitini. Basi wazazi wenye mabinti wapendao masomo ya tiba wawaache wasome, ili kesho mama zetu wapate wa kuwatazama.

Suali: Sindano hii huharibu saumu na udhu?
Jibu: Hutoa, wala hailishi, na nyama ya ziwa si tundu la ndani ya mwili, kwa hiyo haiharibu saumu. Na kwa madhehebu ya Imamu Shafi, damu itokayo mahali hapo haitengui udhu, ila huoshwa. Ama mkono wa mganga mwanamume asiyekuwa maharimu ukigusa ngozi, udhu hutenguka. Akiwa amevaa mipira ya mikono, hautenguki.

Suali: Je, kombe na dua tuviache?
Jibu: Dua haiachwi hata siku moja. Lakini mtu asiifanye dua kuwa kizuizi cha njia ya hospitali, kama tulivyofanya sisi. Siku hizi mwanamke akitujia na chupa na khabari ya uvimbe, jambo la kwanza tunalomuuliza ni siku gani atakwenda kupimwa, na tunamwombea dua akiwa njiani.

Ziko nasaha nne tunazowausia watu wa nyumba zetu.

Ya kwanza ni kwa wanawake. Ukiona uvimbe katika ziwa au kwapani, hata usipouma, au ngozi kuvutika, au chuchu kuingia ndani, au damu kutoka katika chuchu, usihesabu miezi, hesabu siku. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa.

Ya pili, uliza mambo mawili kabla hujaondoka: kioo kitasomwa wapi, na jibu litarudi lini. Si kila hospitali ina mtaalamu wa kusoma vioo hivi, nao katika nchi yetu ni wachache. Mara nyengine kioo au kinyama husafirishwa hadi hospitali kubwa, na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hospitali ya rufaa ya kanda iko Mbeya. Ni rahisi kioo kusafiri kuliko mgonjwa, lakini kioo hakijirudishi chenyewe. Weka karatasi yako, rudi siku uliyoambiwa, na jibu likichelewa lifuatie. Shirika la Afya Ulimwenguni liliziusia nchi mwaka 2023 kwamba uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60.

Ya tatu ni kwa waume na watoto wa kiume. Mwanamke wengi hukawia kwa kungoja ruhusa na nauli. Mwambie wewe kwanza, "Twende." Na ziwa likiondolewa, usimtazame kama kitu kilichopungua. Yeye ni yule yule uliyemwoa kwa amana ya Mwenyezi Mungu.

Ya nne ni kwa kamati za misikiti. Safari ya kutoka Iringa kwenda Mbeya, au kwenda Dar es Salaam katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ni nauli, ni chakula na ni mahali pa kulala. Mgonjwa fukara ni katika wanaostahiki zaka. Tunanunua mikeka na vipaza sauti, na ni vyema. Lakini tutenge pia fungu la nauli ya wagonjwa.

Mdogo wake marehemu alirudi kuchukua jibu siku aliyoagizwa. Mke wetu alikwenda naye tena. Uvimbe wake haukuwa wa saratani, na mkono na picha zilikubaliana na kioo. Akaagizwa arudi kutazamwa baada ya miezi. Waliporudi walipita chuoni, na yule mtoto, ambaye sasa ni huyu khalati yake anayemlea, aliacha ubao wake akamtazama usoni kabla hajasema neno. Alipomwona anacheka, akarudi kwenye ubao akaendelea kusoma, tena kwa sauti kubwa kuliko wenzake wote. Nasi hatukumkemea.

Twamwomba Mola amrehemu yule tuliyemcheleweshea, awaponye walio wagonjwa, awatie nguvu wanaoogopa, na atupe sisi waalimu ujasiri wa kusema "hatujui" pale tusipojua. Amin.

Wabillahi tawfiq.